Alama ya Dole Gumba

Jumatatu, siku ya kumi na nne tangu mkewe afe, Chakanetsa alikwenda kuandikisha mirathi. Alikuwa amechelewa kwa kushika mila: mume hagusi kitu mpaka ndugu wa marehemu waje kuchukua vyungu vyake. Shemeji yake, kaka wa marehemu, alizidi kumwambia, "Tulia, mkwe wetu, tunakuja."

"Baba, umefika chungu kimeshaepuliwa," karani alisema. "Msimamizi ni shemeji yako. Nyumba ya marehemu kule mjini Gweru ataigawa yeye."

"Na mimi mumewe?"

"Marehemu hakuwa na mume. Shahidi kathibitisha."

Akamgeuzia faili. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, iliyokatwa katikati na kovu la shoka. Siku ya mazishi shemeji alimshika mkono, akamtia dole kwenye karatasi, akamwambia ni ya kaburi.

Chakanetsa akakunja ngumi, dole likiwa ndani.

"Unamjua shahidi huyu, baba?"