Hema la Mama Rehani

Chande alirusha kila kitambaa hewani. Kilichotua kabla hajamaliza kupiga chafya, alikikataa. Hata hariri aliiona nzito. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa ameomba hema jepesi tu, wapande nalo mlimani walale huko siku moja. Miaka kumi na mmoja ikapita.

Leo alipata nailoni ya parachuti, akaishona, akatoka na hema mkononi.

"Haya, Mama Rehani, twende mlimani!"

Mwanahawa alisugua magoti yaliyovimba. "Hata la turubai ningelibeba kichwani, Baba Rehani. Wakati ule."

Chande akalisimamisha uani, mlango ukitazama mlima. Mkewe akaingia akimwegemea, akalala chali. Upepo ukalijaza hema, vigingi vikaanza kung'oka kimoja kimoja, na Chande akashika kamba kwa mikono miwili.