Marahaba ya Jioni

Siku hizo kila nyumba iliwatunza wafu wake ndani ya kompyuta ya mezani, na ya nyumbani kwa Mwanakheri ilikuwa kuukuu. Akimwamkia marehemu mama yake asubuhi, marahaba ilirudi jioni.

"Chukua prosesa hii, dada," muuza vipuri vya kompyuta alimwambia. "Ukiisukuma ipite kiwango chake, ukaipoza kwa maji, mama atakuwa mwepesi kuliko mimi na wewe. Ila akishazoea kasi hiyo, hakuna kumrudisha nyuma."

Mwanakheri hakusita. Akaongeza memori za kasi ileile, na feni kubwa kuliko zote dukani. Nyumbani alivifunga vyote kwenye kompyuta, akaketi, akasalimu kama mama alivyomfunza, taratibu, bila pupa.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje? Habari za huko?"

"Marahaba." Sauti ilikuwa imechoka. "Mwanangu, toka 'shika' mpaka 'moo' nimekaa mwaka mzima peke yangu. Ulipofika kwenye 'habari za huko', nilikuwa nimeshasahau uso wako."

Mwanakheri akafungua kinywa amwombe radhi, akakumbuka urefu wa maneno yenyewe, akakifumba. Feni zilivuma, na kila pumzi aliyovuta ilimwongezea mama mwaka mwingine.