Hodi kwa Mwanangu

Somoe aliukana uraia wake Jumatatu asubuhi, akatoka ofisini akitembea kama mtu aliyetua mzigo. Cheo alichoahidiwa cha mkuu wa mitambo ya chini ya bahari kilikuwa cha raia wa nchi jirani tu, na yeye hakuwa mtu wa kuchezea riziki.

"Binti yako bado raia, haki yake ya ukaazi haiguswi," karani alimwambia. "Ila wewe, mama, sasa utakaa kwake kama mgeni."

"Kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe?" Somoe alicheka. "Basi nitapikiwa!"

Mlango wa nyumba, uliojiendesha kwa kompyuta ya serikali, ulishapata habari. Alipougusa haukufunguka, mpaka alipopiga hodi na Hidaya, bintiye wa miaka kumi, akaitikia "Karibu!" kutoka ndani. Walicheka hadi machozi. Ukawa mchezo wao wa kila jioni. Hidaya alimwandalia hata maji ya kunywa kwenye sinia, kama wafanyiwavyo wageni, na Somoe akayapokea kwa adabu zote.

Ijumaa asubuhi Somoe alimkaripia Hidaya kwa kumwaga uji. Jioni akarudi na samaki wa kukaanga, mikono imejaa.

"Hodi, mwanangu!"

Mlango haukufunguka. Kisha akausikia mlango ukimwuliza mtoto kwa upole, kama sheria ya wageni ilivyotaka kila Ijumaa, neno la mwenyeji likiwa la mwisho: "Mgeni wako atakaa hadi lini?"

Somoe akatabasamu, akingojea jibu.

Ndani, kiti kilivutwa. Hidaya alikuwa ameketi, anafikiri.