Kakakuona Auza Mikeka Mtandaoni

Palikuwa na Kakakuona, msusi wa mikeka laini ya ukindu, mwenye haya kupita kiasi. Picha za mikeka alizoweka mtandaoni hazikumletea mteja hata mmoja, akaanza kufikiria kuacha kusuka.

Rafiki yake Kasuku, asiyeishiwa maneno, akamwambia, "Shoga yangu, leo unaingia mubashara. Mimi nitashika simu."

"Chema chajiuza," Kakakuona akajitetea.

"Kikionekana," Kasuku akajibu.

Basi Kakakuona akakaa juu ya mkeka, akafungua kinywa. Alipoona watazamaji wanaongezeka, akakifunga tena. Akajikunja kama mpira, akaficha uso tumboni. Wasiwasi ulikuwa umemchosha, na mkeka ulikuwa laini. Punde si punde akalala usingizi. Kasuku naye akaendelea kumwonyesha mubashara.

Kakakuona alipoamka, alilia. "Nimejiaibisha mbele ya msitu mzima. Sisuki tena."

"Ngoja nikusomee kwanza," Kasuku akasema kwa upole. "Swala ameandika: 'Dada, mwanangu anaota meno, alikuwa hajalala tangu juzi. Nimemwonyesha ulivyolala, naye akalala. Naomba unisukie mkeka kama huo.' Na akina mama wengine wanauliza bei."

Kakakuona akapangusa machozi, akavuta ukindu karibu.

"Mwambie ninaanza na wa mtoto," akasema.

Akasuka mpaka jioni, na Kasuku akamshikia simu bila kumwomba aseme neno.