Notisi ya Mwezi Mmoja

Mwalimu Deodata alikuwa anafundisha madarasa matatu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa Mungu hakumpa miili mitatu, alisimama mlangoni. La tano aliliachia hesabu ubaoni, la sita likawa linanakili ramani, na la saba, lenye mtihani wiki tatu mbele, likapata macho yake na kile kilichobaki cha sauti yake.

Kabla wakimbizi hawajavuka mpaka, shule ile ya upande wa Mabawe ilikuwa na walimu wanane. Kisha kambi ikafunguliwa Kasulo, mashirika yakaja na magari yao meupe, yakaanza kutafuta watu wanaojua kusoma na kuandika. Wa kwanza kuondoka alikuwa Mwalimu Matiasi. Alitoka darasani kama anayekwenda chooni, na habari zake zilizofuata ni kwamba anagawa mablanketi kambini. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Sasa walibaki wawili tu: yeye na Mwalimu Mkuu Bonaventura, mzee wa miaka hamsini na kitu, ambaye aliwakusanya wadogo wote katika chumba kimoja na kuwaimbisha mpaka mchana.

Alhamisi jioni Anneth, aliyekuwa akifundisha la tatu kabla ya kwenda kambini, alimpitia Deodata nyumbani amevaa viatu vipya.

"Wanataka mkalimani wa zahanati," alisema. "Nimekutaja wewe. Kihangaza chetu na lugha ya wakimbizi si zinasikilizana? Jumatatu saa mbili uwe umefika."

"Jumatatu hii? Notisi ni mwezi mmoja, Anneth."

"Baada ya mwezi utakuta mwingine amekalia kiti chako. Mimi nilitoa notisi gani?"

Ijumaa Deodata alikwenda shuleni na barua ya kuacha kazi ndani ya daftari. Alikuwa amechoka, na alichukia kuchoka kwake, maana la saba lile alikuwa nalo tangu la tatu. Akiondoka, mzee peke yake hataweza. Shule itafungwa, na watoto wale watakwenda kuchunga mbuzi mtihani ukiwa umebaki hatua chache. Akibaki, atazeeka pale mlangoni. Kila upande alioutazama, kamba ilimvuta shingoni.

Watoto walipotawanyika aliingia ofisini. Sakafu ilikuwa imefagiwa, na mafaili yamefungwa vizuri kwa kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwalimu Deodata. Nilikuwa nakutafuta." Mzee alitoa shada la funguo mfukoni, akamwekea kiganjani. "Ofisi, stoo na kabati la mitihani. Kaa nazo wewe. Mimi siku hizi nasahau ninapoziweka."

"Mwalimu, nilikuwa na neno."

"Neno litangoja." Mzee alikuwa anatazama dirishani. "Jumatatu utakuwepo, sivyo?"

Deodata alihisi damu ikimpanda usoni. Amejua, aliwaza. Kuna mtu kamwambia, na sasa mzee mjanja huyu ananifunga kwa hisani.

"Nitakuwepo, Mwalimu."

"Hata likitokea la kutokea?"

"Hata likitokea la kutokea."

Mzee alishusha pumzi. Akampa mkono, akaushika muda mrefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Deodata aripoti pale. "Wewe si kama wale wengine," alisema.

Barua ilirudi nyumbani ndani ya daftari lake. Jumamosi nzima Deodata alilima kwa hasira mpaka mama yake akamuuliza shamba limemkosea nini. Jumapili alikwenda kanisani akiomba asikutane na mzee yule, na kweli hakumwona kwenye benchi lake. Akamshukuru Mungu, kisha akaona haya kushukuru jambo kama hilo. Lakini njiani kurudi aliamua. Mwalimu Mkuu yupo, alijiambia. Mzee yule ameifia shule ile. Watoto hawezi kuwaacha, atatafuta namna. Jioni alimpa mama yake funguo.

"Asubuhi mpelekee Mwalimu Mkuu. Ukiulizwa niko wapi, sema hujui."

Mama alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

Jumatatu alfajiri alipanda lori la mbao, kitenge kimemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Kasulo moshi wa kuni ulikuwa umetanda juu ya maturubai yasiyo na mwisho, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Waajiriwa wapya walipangwa foleni kando ya uzio. Deodata akasimama nyuma kabisa, akainamisha uso asije akatambuliwa na mtu wa kwao.

Mbele yake kulikuwa na wanaume wawili. Mmoja alikuwa ndani ya koti la mvua, kofia yake ameivuta hadi machoni.

"Kabla ya hapa ulikuwa wapi?" mwenzake alimuuliza.

"Serikalini."

"Uliwaaga?"

"Niage nini? Mwaka mzima nimeshindwa kuondoka, roho inanisuta." Mwenye koti aliongea chini chini, kama mtu anayeungama. "Ila safari hii nimeacha mtu wa kuaminika. Ameniahidi kwa kinywa chake. Huyo watoto hawezi kuwakimbia."

Akageuka kuangalia foleni imefika wapi, na Deodata akajikuta anasema, kwa mazoea tu, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."