Mfuko wa Kumi na Tisa

Mashine ya maabara ilipotoa jibu la mfuko wa kumi na tisa wa vumbi, Dorine alilipima tena vumbi hilo mara mbili. Madini ya risasi, sumu inayodumaza akili na usemi wa watoto, yalikuwa mengi kuliko katika teksi zote za Lubumbashi alizozifagia ili kupima vumbi lake. Mfuko huo ulitoka kwenye teksi ya mumewe.

Kila asubuhi mumewe huwabeba wachimbaji, nguo zao zikiwa zimejaa vumbi la mawe. Baadaye humkalisha binti yao kiti cha mbele, akazunguka naye mjini mpaka mama atoke kazini. Mtoto ana miaka minne na hajatamka neno. Ndugu walisema amerogwa. Padri aliwaambia wavumilie.

Jioni teksi ilisimama mlangoni mwa maabara. Binti alikuwa amelala kitini, vidole viwili mdomoni, vumbi jekundu limeganda kwenye kucha zake.

"Bibi yangu, résultat imetoka?" mume aliuliza, uso umemchangamka. "Motoka yangu njo iko propre kupita zote, ama?" Alijivunia usafi wa teksi yake.

Dorine alitaka kujibu kwamba bado. Alimtazama mwanaume huyu, ambaye kwa mapenzi yake hakukubali hata siku moja kumwacha mtoto mikononi mwa mtu mwingine.

Akavitoa vile vidole mdomoni mwa mwanawe, polepole asimwamshe, akavipangusa kwa upindo wa kitenge.

"Zima moteur, papa," alisema. "Ushuke kwanza. Iko jambo ya kukuambia."

Akazima, bado anatabasamu.