Sindano za Bwana Mkubwa

"Akipanda ngazi anashika ukuta," mama alisema, kisha akajirudi haraka. "Yaani, anauegemea."

Daktari wa wanyama aliitikia kwa kichwa. "Na usingizi?"

"Wa mang'amung'amu. Akishtuka alfajiri, basi tena, anabaki kutazama dari."

Daktari hakucheka. Alikuwa mtu wa maswali. Alisomea tiba ya Kichina, ya kuchoma wanyama sindano nyembamba na kuwapa unga wa mizizi, na katika tiba hiyo hutazami kiungo kinachouma peke yake. Unauliza mnyama anakula nini, analalia upande gani, nani kaondoka nyumbani. Mtaani walimbandika jina la Fundi Cherehani. Wenye mbwa na paka wengi walikimbilia kwa madaktari wa vidonge, yeye akabaki na kliniki safi, mkeka, na birika linalochemka bila mgeni. Tangu mkewe afariki, zilikuwapo siku alizofunga mlango jioni bila kuisikia hata sauti yake mwenyewe.

Ndiyo maana alimngoja sana mama huyu, mshona mapazia aliyekwisha kustaafu. Mara ya kwanza alikuja akisukuma mbwa wake mzee, Bwana Mkubwa, ndani ya toroli, nyonga zimekakamaa. Daktari alimchoma sindano mgongoni, na mbwa akakoroma kama mwenye nyumba. Baada ya hapo mama alikuja peke yake kuchukua unga. Ngazi za kwake ni nyingi, alisema, na mgonjwa habebeki.

"Anakula?"

"Anaonja tu, anasukuma sahani. Kula bila mwenzako ni kazi, daktari."

"Nyumba imekuwa kimya?"

Mama alikunjakunja mfuko wake. "Hospitali za watu hawaulizi hayo," alisema polepole. "Wanaandika dawa bila kuinua uso."

"Na unga, unamsaidia?"

"Mchungu kama shubiri! Lakini ukishashuka, joto linafika mpaka miguuni."

Wakacheka wote wawili. Alipoondoka, daktari alimsindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka mama akakata kona.

Wiki iliyofuata mama hakuja. Daktari alijiambia ni mvua. Mvua ikakatika, naye hakuja bado. Aliposhindwa kuendelea kujidanganya, alifunga kliniki mchana kweupe, akatia kisanduku cha sindano kwapani, akaenda akiulizia nyumba ya mshona mapazia hadi akaonyeshwa jengo lenyewe. Ngazi zilimtoa jasho.

"Hodi!"

Akabisha tena. Mlango ulifunguliwa taratibu mno.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumchoma hapahapa, asihangaike kushuka. Mgonjwa yuko wapi?"

Mama alimtazama yeye, akatazama kisanduku, midomo ikamcheza. Kisha akampisha aingie, akafunga mlango, akaburuta kiti hadi dirishani penye mwanga, akakaa akimpa mgongo.

"Bwana Mkubwa nilimzika wiki ileile niliyomleta kwako," alisema, huku akishusha mtandio mabegani. "Choma taratibu, mwanangu."